Faili ya Macho na Imfuate Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi la wafanya kazi wa reli, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama.)



Sisi wa kamati ya afya ya tawi tumepewa nafasi ya kusema habari za macho. Pengine wako wanaouliza: chama cha wafanya kazi na macho vina shauri gani? Tumezoea kusikia hapa habari za mishahara, nyumba, saa za ziada na uhamisho. Jawabu letu ni fupi. Mfanya kazi wa reli hula kwa macho yake. Dereva huona ishara kwa macho. Gadi huona taa ya mkia wa gari kwa macho. Fundi wa karakana huona ufa wa gurudumu kwa macho, na mtu wa genge huona gari lijalo kabla halijamfikia. Mikono ikichoka hupumzika ikapata nguvu tena. Macho yakipotea kwa ugonjwa tutakaousema leo hayarudi.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Macho nayo ni mali, na daftari lake ndilo tulilokuja kulizungumza.

UGONJWA WENYEWE

Madaktari huuita ugonjwa huu glakoma, na wengi wetu huuita presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka mchana na usiku. Njia ya kutokea ikiwa nzito, nguvu ya maji hupanda, na ule mshipa unaochukua habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo huumia ukafa kidogo kidogo. Nguvu hiyo hupimwa kwa chombo, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Wako watu wenye 18 na mshipa wao unakufa, na wako wenye 24 ambao mshipa wao umekaa salama miaka mingi.

Ubaya wake ni huu, kwamba ile aina iliyo nyingi kwetu haiumi. Huanza kula pembeni, mahali ambapo mtu haangalii, na jicho moja humfichia mwenzake aibu. Mtu aweza kusimama mbele ya zile herufi za ukutani, akazisoma zote mpaka mstari wa chini, akapigiwa muhuri kwamba macho yake ni mazima, na kumbe pembeni hawezi kuona gari linalokuja upande wa kushoto. Ndugu zangu, sisi hupimwa kwa herufi na rangi. Kipimo hicho ni chema kwa kazi yake, lakini hakiwezi kuukamata ugonjwa huu mapema.

Katika ripoti yake ya mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu wenye glakoma wangekuwa kama milioni 76. Sisi watu weusi hupatwa zaidi, tena mara nyingi mapema. Umri ukipita miaka 40 hatari huongezeka. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu yumo hatarini kuliko wengine.

Dawa iko: matone ya kila siku, au miali ya leza, au upasuaji. Lakini dawa hizi zote haziwezi kufufua kilichokufa. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Kwa hiyo mwenye glakoma ni mgonjwa wa maisha. Hawezi kutibiwa mara moja akaaga hospitali kama mtu aliyeng'olewa jino. Yampasa kurudi kila baada ya miezi fulani, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka uzee wake.

INJINI INA DAFTARI

Ninyi wa karakana mwajua jambo hili kuliko sisi. Injini ikitoka karakana moja kwenda nyingine, maandiko yake huifuata: siku iliyotengenezwa, breki zilizobadilishwa, unene wa magurudumu. Fundi wa Nairobi hana haja ya kuiuliza injini iliumwa nini Mombasa. Hufungua maandiko, akalinganisha kipimo cha gurudumu cha leo na kile cha mwaka jana, akajua limelika kiasi gani na litafaa mpaka lini. Kipimo kimoja hakimwambii neno kubwa. Vipimo viwili au vitatu humwambia gurudumu linaelekea wapi.

Jicho la mwenye glakoma ni hivyo hivyo. Daktari ahitaji kuona nguvu ya maji ya kila jicho kwa tarehe zake. Ahitaji picha ya mshipa nyuma ya jicho, ya leo ikiwekwa kando ya ile ya zamani, ili ajue kama umeliwa zaidi. Ahitaji ile ramani inayoonyesha mgonjwa aona wapi na haoni wapi. Ahitaji kujua dawa alizopewa, ipi ilifaa, ipi ilimdhuru.

Ahitaji pia kujua magonjwa mengine ya mwili. Yako matone yanayoitwa timololi, yanayotumika sana kwa kuwa bei yake si kubwa. Matone hayo yaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu mpaka akawa katika hatari ya kufa, ingawa yametiwa jichoni tu. Daktari mgeni asipoona mahali palipoandikwa neno "pumu", na mgonjwa asipokumbuka kulisema, madhara yaweza kuja kwa mkono wa mtu aliyetaka kusaidia.

Basi injini inayo daftari inayoifuata. Je, mtu?

Mwenzetu mmoja, mtu wa genge, alikuwa akitibiwa macho huko pwani. Mambo yake yote yaliandikwa katika daftari la shule, lile la kununua dukani, kama ilivyo desturi mahali pengi. Akahamishwa bara. Nyumba aliyopewa ilivuja, daftari likalowa, maandiko yakawa bluu tupu. Katika hospitali ya huko alikohamia akaandikwa upya kama mgonjwa wa kwanza. Daktari wa macho hakuwapo siku hiyo. Nguvu ya maji ikapimwa ikawa 19, akaambiwa ni nzuri. Hakuna aliyejua kwamba ile 19 ilikuwa ni kazi ya matone, wala kwamba kabla ya matone ilikuwa zaidi ya 30. Matone yalipokwisha hakununua mengine, kwa sababu aliambiwa ni nzuri. Miaka miwili baadaye alirudi jicho la kushoto likiwa giza, na la kulia likiwa kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Hatumlaumu yeye. Hatumlaumu na yule aliyempima, maana alipima sawasawa. Kilichokosekana ni maandiko ya nyuma. Na sisi watu wa reli ndio wa kwanza kuumia kwa jambo hili, maana kuhamishwa ndiko maisha yetu. Leo uko Voi, mwakani Nakuru, mwaka wa tatu Kisumu.

FAILI YA KOMPYUTA

Faili ya kompyuta ni daftari lile lile, ila halikai katika mfuko wa mgonjwa wala katika kabati moja. Maandiko yawekwa mahali ambapo hospitali yenye ruhusa yaweza kuyafungua, hata kama iko mbali na ile ya kwanza. Vipimo vya miaka mitano huonekana kwa mstari mmoja, kama unavyoona reli ikipanda au kushuka mlima. Penye pumu huwekwa onyo jekundu. Tena, nalo ndilo kubwa kuliko yote, faili yaweza kutoa orodha ya watu waliopasa kuja wiki hii na hawakuja. Kabati la karatasi haliwezi kufanya hivyo. Karatasi ya mtu asiyekuja hukaa kimya pamoja na nyingine.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, si mbali na Eldoret, kilianza kuandika wagonjwa wake kwa kompyuta. Kazi ile ikakua, ikatumiwa kuwatunza watu wenye virusi vya ukimwi huko magharibi. Kutoka katika kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu isiyouzwa, ambayo leo nchi nyingi zinaitumia. Watu wenye virusi hunywa dawa maisha yao yote, nao hurudi kila baada ya muda, sawasawa na mwenye glakoma. Asiyefika siku yake jina lake lilionekana, na watu wakatumwa kumtafuta. Maelfu wako hai kwa sababu dawa ilikuwapo na kwa sababu walitafutwa. Sisi twauliza: kilichowezekana kwa ugonjwa ule, kwa nini kisiwezekane kwa macho?

Na kwa macho nako mfano tunao. Katika Trans Nzoia walimu wa shule 50 walipima macho ya watoto, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Katika nusu ya shule hizo walimu walitumia simu yenye programu ya kupima macho, na mzazi wa mtoto mwenye kasoro akapelekewa ujumbe wa simu, tena akakumbushwa. Katika nusu nyingine mtoto alipewa karatasi tu aipeleke nyumbani. Waliopewa karatasi, katika kila 100 walifika hospitali 22. Wale wa simu walifika 54. Watoto ni wale wale na hospitali ni zile zile. Tofauti ilikuwa kuitwa.

MASHINE PEKE YAKE HAITOSHI

Hata hivyo tusidanganyane. Kompyuta haimpimi mtu, wala haimtii matone. Uingereza ni nchi yenye kompyuta nyingi na hospitali za macho zenye sifa. Lakini Januari mwaka 2020 shirika la huko la kuchunguza usalama wa wagonjwa lilitoa ripoti juu ya mwanamke wa miaka 34 mwenye glakoma. Miadi yake ya kurudi ilichelewa na kuchelewa mpaka miezi 13, akapoteza sehemu kubwa ya kuona kwake. Ripoti hiyo ilitaja hesabu ya kwamba katika nchi ile watu kama 22 kila mwezi walikuwa wakipoteza macho vibaya au kwa daima kwa sababu ya kucheleweshwa. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi za kuwaona.

Basi tujifunze. Orodha ya waliochelewa ikitolewa asubuhi na pasiwe na mtu wa kuisoma, ni sawa na kengele ya stesheni inayolia wakati stesheni imefungwa. Tukidai faili ya kompyuta, tudai na watu: wauguzi wa macho, wapimaji, na karani ambaye kazi yake ni kupiga simu kwa wasiokuja. Tudai na dawa. Mtu akumbushwe kununua matone yasiyopatikana, hiyo ni dhihaka.

Tena umeme hukatika, na mtandao hulala, hasa katika stesheni ndogo. Kwa hiyo mgonjwa apewe pia karatasi fupi ya vipimo vyake vya mwisho. Faili ya kompyuta isiwe sababu ya kumnyang'anya mtu kipande chake.

NANI ATAISOMA?

Sasa tunafika mahali penye hofu, nasi tumeisikia hofu hiyo katika magenge na katika karakana. Watu wasema: tajiri akiiona faili yangu nitafukuzwa. Ni heri nisipimwe.

Hofu hiyo ina sababu, wala hatuichekeshi. Lakini anayekimbia kipimo hupoteza vyote viwili, jicho kwanza na kazi baadaye. Kinga ya kweli ni kuijua sheria na kuisimamia kwa pamoja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yatupa haki ya mambo yetu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaweka habari za afya katika zile zinazolindwa zaidi. Kwa sheria hiyo mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka kosa lisahihishwe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya ulemavu.

Msimamo wetu ni huu. Daktari wa kazi amwambie tajiri neno moja tu: huyu afaa kwa kazi hii, au hafai, au afaa akipewa kazi ya namna fulani. Vipimo, jina la ugonjwa na dawa vikae kati ya mgonjwa na hospitali. Na kila anayefungua faili ya mtu, jina lake na saa aliyoifungua viandikwe, kama vile kitabu cha stesheni kinavyoandika nani alipitisha gari na saa ngapi.

Lakini na sisi tuseme kweli. Hatusimami hapa kutaka mtu asiyeona ishara aendelee kuendesha gari lenye abiria. Abiria wale ni mama zetu na watoto wetu. Tunachotaka ni kwamba mfanya kazi aliyeugua ahamishiwe kazi anayoiweza kwa mshahara wa haki, na asitupwe kama taa iliyovunjika. Mtu akiwa na hakika hiyo hatakimbia kipimo. Asipokuwa nayo, hata kompyuta za dunia nzima hazitamleta hospitali. Ndiyo sababu jambo hili ni la chama, wala si la hospitali peke yake.

TUNAYOYATAKA

Kamati yenu yaomba tawi hili lipitishe mambo haya yapelekwe mbele:

1. Kila mfanya kazi aliyepita miaka 40, na kila mwenye jamaa wa damu mwenye glakoma, apimwe nguvu ya maji na mshipa wa jicho, mbali na herufi na rangi.

2. Hospitali zinazotutibu zitunze faili ya macho ya kompyuta inayoweza kumfuata mtu anapohamishwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023 kwa ajili ya kuunganisha habari za afya. Tuulize kila mara: na macho yameunganishwa?

3. Pawe na mtu wa kuwaita wasiofika, na mfanya kazi apewe ruhusa yenye mshahara siku ya kurudi kupimwa. Mtu hawezi kuitwa na hospitali akazuiwa na mnyapara.

4. Tajiri apewe jibu la kufaa au kutofaa tu, na wanaofungua faili waandikwe.

5. Aliyepunguza kuona atafutiwe kazi nyingine, na chama kiwepo anaposikilizwa.

Hayo ni ya kudai. Yako na ya kufanya sisi wenyewe, ambayo hayangoji mtu. Ukipimwa, uliza hesabu ya kila jicho, uiandike pamoja na tarehe. Piga picha ya daftari lako kwa simu, hata likilowa nakala ibaki. Toa namba ya simu iliyo ya kweli, na ukibadilisha namba uwaambie hospitali, maana orodha nzuri yenye namba mbovu haimwiti mtu. Sema kama una pumu. Usiazime matone ya mwenzako, wala usinunue matone ya macho bila daktari, kwa kuwa yako mengine ambayo yenyewe hupandisha nguvu ya maji. Ukiambiwa una glakoma, waambie ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe, wala usione haya. Na kabla ya kwenda mahali ulikohamishiwa, pitia hospitali uombe maandiko yako, kama unavyopitia ofisi kuomba hati ya safari.

Ndugu wanachama, babu zetu waliofanya kazi katika reli hii walipopoteza macho waliambiwa ni uzee, wakarudi nyumbani kushikwa mkono na wajukuu. Baadhi yao hawakupofushwa na uzee. Sisi hatuna udhuru huo, maana ugonjwa twaujua, dawa yake twaijua, na njia ya kutunza maandiko imekwisha jaribiwa hapa hapa nchini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho hakuna fundi ajuaye kuujenga.

Bwana Mwenyekiti, twaweka mambo haya matano mbele ya mkutano yapigiwe kura. Umoja ni nguvu.